Homoni Moja, Wasikilizaji Wengi: Kwa Nini Tezi ya Shingoni Huugusa Mwili Mzima

Mwanamke anayechoka pasipo kazi nzito, mzee ambaye moyo humwenda mbio hali ameketi, mtoto mchanga anayelala mno na kunyonya kwa uvivu, na kijana ambaye shingo yake imevimba bila maumivu, hufika katika vituo vya afya wakiwa na malalamiko yasiyofanana hata kidogo. Hata hivyo, chanzo cha matatizo yao chaweza kuwa kimoja: tezi ndogo iliyo mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, iitwayo tezi ya thairoidi. Makala haya yanaeleza jinsi homoni ya tezi hiyo inavyofanya kazi tofauti katika kila kiungo, na hatua ambazo kaya za mwambao wa Ziwa Victoria zinaweza kuchukua, hasa kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, ambaye hasara yake haifidiki baadaye.

Tezi na madini joto

Tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni takribani gramu 20. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazochukuliwa na damu na kupeleka ujumbe katika viungo vya mwili. Homoni zake kuu ni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo wataalamu huiita T4 kwa kuwa kila molekuli yake hubeba atomu nne za madini joto. Ya pili huitwa T3, kwa kuwa hubeba atomu tatu. T4 ndiyo inayotolewa kwa wingi, lakini T3 ndiyo yenye nguvu ya kutenda. Kwa sababu hiyo viungo vingi hupokea T4 kutoka katika damu, huiondolea atomu moja ya madini joto, na kuigeuza kuwa T3 mahali pale pale inapohitajika.

Bila madini joto homoni hizo hazitengenezeki, na mwili hauwezi kuyaumba wenyewe. Sharti yatoke katika chakula. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na mikrogramu 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hiyo mahitaji ya mtu mzima kwa mwaka mzima hayafikii hata sehemu moja ya kumi ya gramu moja. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini hakina mbadala. Kikipungua kwa muda mrefu, tezi hutanuka ikijitahidi kunasa kila chembe ya madini joto inayopita katika damu. Uvimbe huo ndio rovu, ambalo wakazi wengi hulifahamu kwa jina la goita.

Ujumbe mmoja, matendo tofauti

Honi ya kivuko inapolia katika gati la Kamanga jijini Mwanza, huwafikia watu wote walio karibu kwa sauti ile ile. Msafiri huharakisha kupanda, mpagazi huinua mzigo, na dereva huwasha gari. Sauti ni moja. Kinachotofautisha matendo ni nafasi ya kila msikilizaji. Homoni ya thairoidi hufanya kazi kwa namna hiyo. Damu huifikisha karibu kila mahali, lakini kila kiungo huitikia kulingana na vipokezi vilivyomo ndani ya seli zake.

Kipokezi ni protini iliyo ndani ya kiini cha seli, ikiwa imeshikamana na vinasaba. Pasipo homoni, kipokezi hakikai bure: hukandamiza baadhi ya jeni ili zisifanye kazi. T3 ikifika na kujishikiza kwake, kipokezi hubadilika umbo, na jeni zilizokuwa zimezuiwa huanza kutoa maagizo yake. Zipo pia jeni ambazo hunyamazishwa homoni inapofika. Mwaka 1986 maabara mbili, moja ya Ronald Evans nchini Marekani na nyingine ya Björn Vennström nchini Ujerumani, zilitangaza wakati mmoja kwamba zimekitambua kipokezi hicho. Baadaye ilithibitika kwamba vipokezi vipo vya aina kuu mbili, alfa na beta, na kila aina hutokana na jeni yake.

Mfano ulio wazi kwa wakazi wa mwambao ni chura. Kiluwiluwi cha chura kinapokua, homoni hii hii ya T3 huifanya miguu ichipuke na mkia unyauke na kutoweka. Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch alionyesha kwamba viluwiluwi vikilishwa tezi ya thairoidi hugeuka kuwa vyura kabla ya wakati wake. Homoni iliyojenga mguu ndiyo iliyobomoa mkia. Tofauti ilikuwa katika seli zilizoipokea.

Moyo, ini, mifupa na utumbo

Katika mwili wa binadamu, aina zote mbili za vipokezi hupatikana katika viungo vingi, lakini kwa uwiano usio sawa. Moyo hutegemea zaidi kipokezi alfa. Homoni ikizidi, mapigo huongezeka na huweza kupoteza mpangilio; ikipungua, moyo hupiga polepole. Mifupa na utumbo nayo hutegemea zaidi alfa, ndiyo maana upungufu wa homoni humdumaza mtoto kimo na kumfanya mtu mzima apate choo kigumu. Ini, kwa upande wake, hutegemea zaidi kipokezi beta, ambacho huliwezesha kuondoa lehemu katika damu. Mtu mwenye upungufu wa homoni huweza kukutwa na lehemu nyingi ingawa hali chakula chenye mafuta mengi. Kipokezi beta ndicho pia kinachohitajika katika kuunda uwezo wa sikio kusikia na wa jicho kutambua rangi.

Mgawanyo huo ulithibitishwa na wagonjwa wachache waliozaliwa na hitilafu katika vipokezi vyenyewe. Mwaka 1967, Dk. Samuel Refetoff na wenzake nchini Marekani walieleza habari za ndugu wa familia moja waliokuwa na rovu na homoni nyingi kupita kiasi katika damu, lakini hawakuwa na dalili za kuzidiwa na homoni hiyo. Ndugu hao walikuwa viziwi. Miaka mingi baadaye iligunduliwa kwamba walikosa jeni ya kipokezi beta. Kinyume chake, mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walieleza habari za mtoto mwenye hitilafu katika kipokezi alfa. Vipimo vyake vya damu vilikaribia kuwa vya kawaida, ilhali alikuwa mfupi, mifupa yake ilichelewa kukua, na alisumbuliwa na choo kigumu. Homoni ilikuwapo katika damu. Viungo fulani ndivyo vilivyoshindwa kuisikia.

Maarifa haya yameanza kuzaa dawa. Mwezi Machi 2024, Marekani iliidhinisha dawa iitwayo resmetiromu kwa wagonjwa wa ini lenye mafuta lililoanza kupata makovu. Dawa hiyo iliundwa ili iamshe kipokezi beta katika ini, na kuuepuka moyo unaotegemea alfa. Kutokana na jambo hilo lipo onyo pia kwa wanaotafuta kupunguza uzito: vidonge vya homoni ya thairoidi vikimezwa na mtu asiye na upungufu, haviyeyushi mafuta pekee. Vipokezi vya moyo hupokea ujumbe huo huo, na moyo unaolazimishwa kwenda mbio huweza kudhurika vibaya.

Ubongo wa mtoto hausubiri

Hakuna kiungo ambacho upungufu wa homoni hii hukigharimu zaidi ya ubongo unaojengwa. Vipokezi huwamo katika ubongo wa kijusi mapema katika ujauzito, lakini tezi ya mtoto mwenyewe haitoi homoni ya kutosha mpaka takribani katikati ya ujauzito. Katika kipindi hicho cha mwanzo, mtoto hutegemea T4 inayotoka kwa mama. T4 hiyo ikifika katika ubongo, seli saidizi huigeuza kuwa T3 na kuzipatia seli za neva, ambazo kwa agizo lake husafiri hadi mahali pake, huungana, na kufunikwa kwa utando unaoharakisha mawasiliano.

Kazi hiyo ina majira yake. Mtu mzima aliyepungukiwa na homoni huweza kupewa dawa, na uchangamfu wake ukarejea. Mtoto ambaye ubongo wake ulikosa homoni wakati wa kujengwa hawezi kurudishiwa wakati huo. Upungufu mkali humwachia udumavu wa akili, uziwi na kimo kifupi. Upungufu wa wastani hauonekani kwa macho, lakini hupunguza uwezo wa kujifunza, na mtoto huyo huitwa mzito darasani pasipo mtu kujua kwamba mzigo wake alianza kuubeba kabla hajazaliwa.

Wapo pia watoto wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi, au wasio na tezi kabisa, hata kama mama alipata madini joto ya kutosha. Duniani hutokea takribani kwa mtoto mmoja kati ya kila watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa. Wengi wao huonekana wazima siku za kwanza, kwa kuwa bado wana akiba ya homoni ya mama. Dalili hujitokeza taratibu: manjano yasiyokwisha baada ya wiki mbili, usingizi mwingi, kunyonya kwa shida, kilio kizito chenye kukwaruza, choo kigumu, ulimi mkubwa na kitovu kilichochomoza. Baadhi ya wazazi humsifu mtoto wa namna hiyo kwa utulivu. Akianza kutumia dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua na akili timamu. Kila mwezi unaopita bila tiba hupunguza matumaini hayo. Pale ambapo si kila mtoto hupimwa damu anapozaliwa, jicho la mzazi na la muuguzi ndilo kipimo cha kwanza.

Msimamizi aliye chini ya ubongo

Kiasi cha homoni husimamiwa na tezi nyingine iitwayo pituitari, iliyo chini ya ubongo. Nayo ina vipokezi, hasa aina ya beta, ambavyo huiwezesha kutambua kiasi kilichomo katika damu. Homoni ikipungua, pituitari hutoa ujumbe wa kuihimiza thairoidi. Ujumbe huo hospitalini huitwa TSH. Homoni ikizidi, TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, kwa kawaida maana yake ni kwamba thairoidi imelemewa, na ikiwa chini sana, mara nyingi ni kwamba thairoidi inatoa homoni kupita kiasi. Ndiyo sababu daktari huanza na kipimo hicho hata kama mgonjwa amekuja kwa ajili ya moyo, uzito au hedhi isiyo na mpangilio.

Mfumo huo hueleza pia kwa nini tiba huhitaji subira. Nusu ya T4 iliyomo katika damu hudumu kwa takribani siku saba, hivyo mabadiliko ya dozi hayaonekani kikamilifu mpaka zipite wiki sita hivi. Mgonjwa anayeongeza vidonge mwenyewe baada ya siku chache kwa kuona havimsaidii, huweza kujisababishia madhara wiki zinazofuata.

Ziwa, chumvi na muhogo

Wakazi wengi wa mwambao hudhani kwamba kula samaki kila siku kunatosha kuwapatia madini joto. Dhana hiyo hufaa zaidi kwa samaki wa baharini. Ziwa Victoria ni la maji baridi, na samaki wa maji baridi, kwa kawaida, huwa na madini joto machache kuliko wa baharini. Sato, sangara na dagaa ni chakula bora chenye protini, lakini havichukui nafasi ya chumvi yenye madini joto.

Umuhimu wa chumvi hiyo unaonekana katika historia ya nchi. Katika miaka ya 1980, uchunguzi ulioongozwa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ulionyesha kwamba rovu lilikuwa limeenea mno, hasa katika nyanda za juu kusini. Vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 uwekaji wa madini joto katika chumvi ya kula ukafanywa takwa la kisheria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta kwamba takribani kaya 84 kati ya kila 100 zilitumia chumvi yenye madini joto, na kwamba watoto wa shule wenye rovu walikuwa takribani 7 kati ya kila 100. Katika wilaya zilizokuwa na rovu sugu, kiwango kilikuwa kimeshuka kutoka takribani 61 kati ya kila watoto 100 hadi takribani 12. Mafanikio hayo hayadumu yenyewe, kwa kuwa mwili hauweki akiba ya madini joto ya kutosha miaka mingi. Kila ujauzito huanza hesabu upya.

Chumvi isiyo na madini joto bado huweza kufika jikoni. Chumvi ya mawe iliyonunuliwa kwa ajili ya kuandaa kayabo au kulambishia ng'ombe haikukusudiwa kwa mapishi ya binadamu. Hata chumvi nzuri hupoteza madini joto ikianikwa juani, ikipata unyevu, au ikiachwa wazi karibu na moto.

Muhogo nao una sehemu yake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kiasi kinachobaki baada ya maandalizi duni hugeuzwa na mwili kuwa kemikali inayozuia tezi kunasa madini joto. Katika miaka ya 1960, watafiti walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Wakazi wa kaskazini na wa kusini magharibi mwa kisiwa walikuwa na uhaba wa madini joto uliolingana, lakini rovu lilienea sana kaskazini na kuwa adimu upande wa pili. Tofauti ilihusishwa na muhogo wa kaskazini uliokuwa na sumu zaidi. Karibu zaidi, mwaka 1985 wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo uliotokana na muhogo ulioandaliwa kwa haraka. Mambo haya hayamaanishi kwamba ugali wa muhogo uachwe. Yanamaanisha kwamba kuvundika udaga au kuloweka kwa siku zinazotakiwa, kisha kukausha vizuri juani, ni kazi isiyopaswa kufupishwa hata njaa ikibisha hodi, na kwamba kaya inayokula muhogo kwa wingi huhitaji chumvi yenye madini joto zaidi ya kaya nyingine.

Hatua za kuchukua na huduma za kutafuta

Kwa upande wa kaya, inashauriwa:

- Kununua chumvi iliyofungashwa, yenye maandishi ya kuthibitisha kwamba ina madini joto.
- Kuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moshi, na kuitia chakulani mapishi yanapokaribia kwisha.
- Kutozidisha chumvi. Gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ndicho kikomo kwa mtu mzima. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ikitumika kwa kiasi hicho, hutoa mikrogramu 150 zinazohitajika. Kuongeza zaidi hupandisha shinikizo la damu bila faida.

Muuza duka anayetilia shaka shehena yake anaweza kumwomba afisa afya wa kata ushauri. Kipo kipimo chepesi cha matone ambacho huifanya chumvi yenye madini joto igeuke rangi ya buluu au zambarau papo hapo.

Mama mjamzito anapaswa kuhudhuria kliniki mapema, mara anapojitambua, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo ambayo mtoto humtegemea kabisa. Mwenye rovu, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa shingo, au anayetumia dawa za thairoidi amweleze mkunga siku ya kwanza, wala asiache dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Kuiacha ndiko kunakomdhuru.

Mtu mwenye uvimbe shingoni, uchovu usioelezeka, kuhisi baridi wakati wengine wanahisi joto, kuongezeka au kupungua uzito pasipo sababu, mapigo ya moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka, aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji kipimo cha TSH au uchunguzi zaidi, hupewa rufaa. Rovu linalokua haraka, linalobadilisha sauti, au linalobana pumzi na kumeza, halipaswi kusubiri. Chumvi huzuia rovu jipya, lakini rovu kubwa la miaka mingi huhitaji daktari, na baadhi huhitaji upasuaji. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando imekuwa ikifanya upasuaji huo, na ripoti ya madaktari wake ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba wagonjwa wengi mno walikuwa wanawake.

Anayepewa vidonge vya thairoksini avimeze asubuhi kwa maji, kabla ya chakula, na aviache mbali kwa saa nne na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, kwa kuwa hivyo huzuia dawa isiingie mwilini. Jambo hili huwahusu hasa wajawazito, ambao hupewa vidonge vya chuma kliniki.

Mzazi anayeona mtoto mchanga mwenye manjano yaliyopita wiki mbili, au anayelala kupita kiasi na kunyonya kwa shida, asingoje tarehe ya kliniki. Ampeleke kituoni siku hiyo hiyo, na aeleze kila dalili aliyoiona.